Majani au kostiki? Soma hii kabla hujachemsha mwarobaini wako kutengeneza oksidi ya nano

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kashuka stendi Arusha na kiroba cha majani ya mwarobaini kutoka Moshi, kiroba kile cha mchele cha kilo hamsini, kimejaa mpaka kimefungwa kwa kamba ya katani, konda kamtoza hela ya mzigo na abiria njia nzima wanamuuliza kama hiyo ni dawa ya malaria au anaenda kulisha mbuzi. Dogo yuko masters, anataka kutengeneza chembe za nano za oksidi ya zinki, yani unga wa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kwa kutumia majani. Shikamoo, marahaba, hata chai hajagusa akaanza, "Kaka hivi nitumie majani au nitumie kostiki kama zamani? Supavaiza anasema majani ndo mambo ya sasa, ila jamaa wa maabara wananiambia ntajuta."

Kostiki ni kostiki soda, hidroksidi ya sodiamu. Nikamwambia wote wako sawa. Mi nimepita njia zote mbili, nimeunguza vibakuli ambavyo sio vyangu, nimesubiri majibu ya XRD, ile mashine ya miale ya X inayosoma kristali, mpaka nikasahau sampuli ipi ni ipi, kwaiyo naandika hapa nilichomwambia maana najua kuna wengine wako Tengeru, wako Moshi, wako wapi wapi huko wanajiuliza hivyo hivyo na kila pepa wanayosoma inawaambia majani ni rahisi, ni bei chee, hayachafui mazingira, basi.

Kwanza tuelewane jani linafanya nini

Hapa ndo wengi wanapotelea. Hii habari ya majani ilipata umaarufu sana kwenye fedha, yani ile madini ya silva, sio hela. Unachukua naitreti ya silva unamwagia maji ya majani, ndani ya muda mfupi inageuka rangi ya chai ya rangi, hapo ioni za silva zimepokea elektroni kutoka kwenye vitu vya jani, polifenoli, flavonoidi na wenzao, zimekuwa metali. Silva inakubali kirahisi, potenshali yake, yani kipimo cha utayari wake wa kupokea elektroni, ni +0.80 volti. Sasa watu wakachukua maelezo yale yale wakayabandika kwenye zinki. Zinki ni -0.76 volti. Hamna jani la mwarobaini, la mlonge wala la mpera litakalogeuza zinki kuwa metali ndani ya bika la maji, na wala hutaki iwe metali kwa sababu unatafuta oksidi, na kwenye oksidi zinki inabaki na chaji yake ileile ya +2 toka mwanzo mpaka mwisho. Kwaiyo ukiandika kwenye tesisi "ekstrakti ilipunguza ioni za zinki", yani maji ya majani yalizipa elektroni, mtahini anayejua atakusimamisha hapo hapo.

Jani kwenye oksidi linafanya kazi nyingine. Vile vitu vyake vinazishika ioni za zinki, vinazisambaza zisirundikane, afu ukikausha unapata uji mzito, ukiuchoma kwenye tanuru la umeme vile vya jani vinaungua vinaondoka kama moshi na hewa ya ukaa, zinki inabaki na oksijeni. Yani jani ni kama kuni na kama kitenganishi kwa wakati mmoja. Sio kitu kidogo, ila ni tofauti na ile hadithi ya silva.

Na hapa ndo lilipo jambo ambalo lilinichukua mwaka mzima kulielewa, nimwambie dogo bure. Asiteti ya zinki ukiichoma peke yake kwenye nyuzi 500, bila jani, bila kostiki, bila chochote, inakupa oksidi ya zinki. Peke yake! Kwaiyo ukichanganya asiteti na maji ya mwarobaini ukachoma 500 ukapata oksidi ya zinki, hujathibitisha kwamba mwarobaini umefanya lolote. Lazima uwe na kibakuli cha pili pembeni ambacho hakina jani. Nimesoma pepa nyingi tu hamna hicho kibakuli.

Njia ya kostiki, jikoni kwake

Tuseme unatumia asiteti ya zinki ile yenye maji mawili, gramu 2.2 kwenye mililita 100 za maji distili, hiyo ni 0.1 M, yani mol 0.1 kwa lita. Kostiki soda utakayohitaji ni kama gramu 0.8 tu. Unayeyusha pembeni, unadondoshea polepole huku kikorogeo cha sumaku kinazunguka, maji yanakuwa meupe kama tui. Unaendelea mpaka pH ifike 9 au 10 unaacha. Usijifanye mkarimu ukazidisha, kumbuka praktiko za kemia za form six, hidroksidi ya zinki ukizidishia kostiki inayeyuka tena, ule weupe unapotea unabaki na maji maangavu tu, mi imenitokea nikadhani nimelogwa.

Afu unachuja au unazungusha kwenye sentrifuji, unaosha. Kuosha ndo kazi yenyewe. Sodiamu asiteti lazima itoke, unaosha maji mara tatu nne mpaka pH ya maji ya kuoshea ishuke karibu na 7, unamalizia na ethanoli ili yasigandamane sana wakati wa kukausha. Usiku mzima kwenye oveni nyuzi 80, kesho yake tanuru nyuzi 400 masaa mawili. Kwa hizo gramu 2.2 ukipata kila kitu ni gramu 0.81 za oksidi, kiuhalisia utapoteza nyingine kwenye kuosha na kwenye karatasi ya kuchujia.

Inachosha lakini kila kitu una namba yake. Jumatatu ukifanya na Alhamisi ukifanya unapata kitu kinachofanana, na mtu wa Mbeya akichukua namba zako anapata karibu hicho hicho.

Njia ya majani

Hapa ndo kuna raha na ndo kuna vituko. Unachuma majani, unaosha vumbi, unakausha kivulini, sio juani, wiki moja hivi ukiwa Moshi, ukiwa Arusha mwezi wa saba na ule ukungu na baridi unaweza kukaa wiki mbili na yakaota ukungu vilevile. Unasaga. Gramu 10 kwenye mililita 100 za maji, unapasha nyuzi 60 mpaka 80 nusu saa, unachuja, unapata maji ya rangi ya chai kali. Kwa wale ambao pepa inawaambia "chemsha nyuzi 100", hapa Arusha tuko mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwaiyo ukiandika 100 unadanganya, andika kilichoonekana kwenye kipimajoto.

Unamimina kwenye asiteti, unakoroga kwenye moto wa nyuzi 70 au 80 mpaka inakuwa uji, kisha inakuwa kama sukari guru. Unahamishia kwenye kibakuli cha kauri, usijaze! Mara ya kwanza mi nilijaza nusu na robo, nikaweka kwenye tanuru nikapandisha moto haraka, nikarudi nikakuta ile kitu imeumuka kama maandazi imemwagikia nje imeungulia kwenye sakafu ya tanuru, fundi wa maabara hakunisemesha wiki nzima. Jaza theluthi, pandisha moto taratibu nyuzi mbili au tatu kwa dakika, na kama umetumia naitreti badala ya asiteti hakikisha ile hewa inavutwa nje, maana naitreti na majani makavu ni chakula cha moto na ule moshi wa kahawia sio wa kuvuta.

Ukitoa ikiwa bado ya moto utaona ni ya manjano. Usishtuke. Oksidi ya zinki ikiwa na joto inakuwa ya manjano, ikipoa inarudi nyeupe mbele ya macho yako, kitu kizuri sana kukiangalia. Ila ikipoa ikabaki na kijivu au kikahawia, hiyo ni kaboni, moto haukutosha, mi nilichoma 300 nikapata unga wa rangi ya majivu ya jiko nikauita "nano ya kijani" kwenye slaidi zangu, aibu tupu.

Sasa weka njia mbili pamoja

Bei. Kila mtu anakimbilia kusema majani ni bure. Hebu hesabu. Kwenye mfano wa juu jani limekuokolea gramu 0.8 za kostiki soda. Chini ya gramu moja! Kostiki ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye shelfu ile. Zinki bado unainunua vilevile, maji distili bado, umeme wa tanuru ndo unazidi maana njia ya majani inataka moto mkubwa zaidi na muda zaidi ili vitu vya jani viishe. Na kuna mapishi mengi ya majani ambayo mwishoni wanaongeza kostiki kidogo "kurekebisha pH", sasa hapo jani limeokoa nini? Mi simkatazi mtu, nasema tu usiandike bei nafuu kama hujapiga hesabu.

Mazingira. Hapa majani yanapata pointi moja ya kweli, maji ya kuoshea. Njia ya kostiki inatoa maji mengi yenye chumvi ya sodiamu, njia ya kukausha na kuchoma haitoi karibu chochote kwenye sinki. Ila zinki yenyewe imetoka kiwandani, moshi wa tanuru upo, na oksidi ya zinki ikimwagika mtoni ni sumu kwa viumbe wa majini hata kama imetengenezwa na jani takatifu la isale.

Kurudia. Hapa kostiki inashinda mbali sana. Mwarobaini uliochuma mwezi wa nne mvua zinanyesha na ule wa mwezi wa tisa kavu sio kitu kimoja, jani changa na jani kuukuu sio kitu kimoja, mti wa kwa bibi na mti wa barabarani sio kitu kimoja. Na yale maji yenyewe ukiyaacha kwenye friji wiki yanabadilika harufu, mi nilikuta yameota utando juu. Dawa yake ni moja, chuma siku moja majani yote ya mradi mzima, kausha, saga, changanya vizuri, weka kwenye kopo lisilopitisha unyevu, na maji ya majani tengeneza mapya kila unapotaka kutumia. Kile kiroba cha dogo ambacho watu walikicheka kwenye gari, hapo ndo alikuwa na akili kuliko mimi. Mi nilikuwa naenda kuchuma kila wiki kama mchicha.

Usafi wa unga. Kostiki inakuachia sodiamu usipoosha. Majani yanakuachia madini yake yenyewe, potasiamu, kalsiamu, kidogo silika, haya hayaungui hata ufanye nini, na wengi hawaoshi baada ya kuchoma kwa sababu pepa imesema ni hatua moja tu. Osha bana.

Ukubwa wa chembe. Hapa sitakwambia ipi inatoa ndogo zaidi kwa sababu zote zinaweza kutoa ndogo na zote zinaweza kukutoa aibu, kinachoamua sana ni moto wa tanuru, ukipandisha kutoka 400 kwenda 600 chembe zinakua zinashikana. Ukilinganisha jani lililochomwa 500 na kostiki iliyochomwa 400 hujalinganisha jani na kostiki, umelinganisha moto na moto. Na ile hesabu ya Scherrer kutoka kwenye XRD, 0.9 mara 0.154 (urefu wa wimbi la miale ya X kwa nanomita) gawanya kwa upana wa mlima kwenye grafu na kosaini ya pembe, inakupa ukubwa wa kristali, sio wa chembe nzima, chembe unaiona kwenye TEM, ile hadubini ya elektroni.

Swala la dawa ndani ya jani. Hili linanikera kidogo. Mtu anatumia mwarobaini kwa sababu mwarobaini unaua wadudu na bakteria, anachoma kwenye 500 masaa mawili, afu anaandika kwamba unga wake unaua bakteria vizuri kwa sababu una viambata vya mwarobaini juu yake. Viambata gani tena baada ya nyuzi 500? Vimeshapanda na moshi. Anaonyesha FTIR, kile kipimo cha mwanga wa infraredi, ina mlima kwenye 3400 anasema ni polifenoli, kumbe ni maji tu ya hewani yameshikwa na unga. Kama kweli unataka vitu vya jani vibaki juu ya chembe, usichome, kausha tu kwenye nyuzi 80 au 100, ila hapo XRD ndo itasema kama umepata oksidi au bado una hidroksidi na zinki iliyokumbatiwa na jani. Kwa oksidi ya zinki milima unayoitafuta iko kwenye pembe za nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3, mitatu iliyoshikana kama vilele vya Meru ukiwa umelewa. Isipokuwepo, una uji mkavu tu.

Jani lipi?

Kama umeshaamua majani, uchaguzi wa jani sio mkubwa kama watu wanavyoukuza. Majani ya chai ya dukani nayapenda kuliko yote na watu wananicheka. Yamekaushwa kiwandani, pakiti moja inafanana na nyingine kuliko miti miwili ya mwarobaini, polifenoli zimejaa. Hayana mvuto kwenye kichwa cha habari basi.

Mwarobaini na mlonge ni sawa tu kwa kazi hii, Moshi kwenda chini kule joto unayapata bila shida. Shubiri ina ule ute, inatengeneza uji mzuri unaoshika sana, ila kukausha kwake ni mtihani.

Maganda ya ndizi ndo yana kesi yake. Kwa sisi wa huku nyumba inayopika mtori haikosi, na sokoni Kiborloni au Mbuyuni kule Moshi unaokota ndoo nzima wanakushukuru. Shida yake ni potasiamu, iko nyingi sana, ukiyachoma majivu yake ni besi kali yenye kabonati ya potasiamu. Hiyo inaweza kuwa faida maana inapandisha pH yenyewe, ila unga wako utakuwa na potasiamu mpaka uoshe kweli kweli. Nilichukua maganda ya mshare na maganda ya kisukari nikayachanganya, kosa, chagua aina moja, na andika lilikuwa bichi au limeiva maana likiiva sukari inapanda na uji unaumuka zaidi kwenye tanuru.

Metali ipi? Hapa ndo jibu linageuka kabisa

Mpaka hapa nimeongelea zinki. Ukibadili metali ushauri wangu unabadilika.

Chuma. Ukimwaga maji ya chai au ya mwarobaini kwenye kloridi ya chuma inakuwa nyeusi papo hapo, hata sekunde hazipiti, na watu wanapiga picha wanaandika "chembe za nano zimeundwa, rangi imebadilika". Jamani hiyo ni wino. Chuma na tanini ndo wino wa zamani, na ni kile kile kinachotokea ukipika chai kwa maji ya kisima yenye chuma ikawa nyeusi tii. Inaweza kuwa na chembe ndogo humo lakini sio oksidi. Kama unataka magnetaiti, ile inayoshikwa na sumaku, nenda tu njia ya zamani ya kemikali, chuma cha +2 sehemu moja na cha +3 sehemu mbili, amonia, ukwepe hewa, ukimaliza weka sumaku nje ya bika uone unga mweusi unapanda ukutani kama siafu. Majani yaweke baadae kama kivazi cha juu. Na usiichome kwenye hewa kwa moto mkubwa, inageuka nyekundu, hematiti, sumaku inaigomea. Nilimpa supavaiza wangu unga mwekundu nikiwa nimeuandikia lebo magnetaiti, akachukua sumaku ya friji akaweka, kimya.

Shaba. Hapa jani kweli linaweza kupunguza, na ndo tatizo. Unakumbuka Benedict ya baiolojia, ule mchanganyiko wa bluu ukipasha na glukosi unakuwa rangi ya matofali? Ile rangi ni oksidi ya shaba ya +1. Sasa maji ya majani yana sukari, ukiweka na kostiki kidogo na joto unaweza ukapata ile nyekundu wakati unatafuta nyeusi ya +2, au mchanganyiko. Ukichoma vizuri hewani inaishia nyeusi, ila kabla ya hapo usitangaze kitu.

Titani, bila kupoteza muda, malighafi yake nyingi ni ghali na zingine zinaharibika zikigusa unyevu wa hewa. Kama huna hela na huna sanduku kavu, lile lililofungwa lisiloingiza unyevu, achana nayo.

Magnesiamu na alumini, hizi nataka nizikalie kidogo kwa sababu ya maji yetu. Ukisoma nano huku Arusha mwishowe mtu atakuuliza fluoraidi. Meno ya kahawia ya huku hatuhadithiwi, tunayaona kwenye picha za ukoo, pande za Meru na Ngarenanyuki ndo usiseme, na kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Dogo alikuwa anataka ile oksidi yake ya zinki iondoe fluoraidi. Nikamwambia kwa hilo badili metali kwanza ndo uje kuuliza jani au kostiki, oksidi za alumini, magnesiamu na chuma zinafaa zaidi. Sababu ni chaji ya juu ya unga. Fluoraidi ni hasi, inapenda sehemu chanya, na kila oksidi ina pH yake ambayo ikizidi hapo inageuka hasi na kuanza kusukuma fluoraidi. Alumina, yani oksidi ya alumini, iko kama 8 mpaka 9, magnesiamu iko juu kabisa karibu 12, chuma 7 au 8. Maji yenye fluoraidi nyingi huku kwetu mara nyingi yana pH ya juu na bikabonati kibao, na bikabonati inagombania siti zile zile. Ndo maana mtu anajaribu unga wake kwenye maji distili aliyotia chumvi ya fluoraidi anapata asilimia tamu, anachota maji ya bomba la kijijini unga unagoma.

Na kwa kazi ya maji mi nasema kostiki au amonia ndo iwe njia yako, kwa sababu utahitaji unga mwingi, sio gramu 0.8, na unahitaji kila bechi ifanane. Halafu unga wa nano haumwagwi kwenye ndoo ya maji ya kunywa, utautoaje? Lazima uushikize kwenye kitu, chengachenga za udongo, mkaa, kitu kama hicho. Na uulinganishe na makaa ya mifupa ambayo tayari yanatumika huku miaka mingi, kama nano yako haiyashindi makaa ya mifupa ya ng'ombe basi umetengeneza unga wa bei mbaya.

Kuna njia ya tatu wanaisahau

Yurea. Ndio, ile mbolea, ila ununue ile safi ya maabara. Naitreti ya metali, yurea, maji kidogo, unapasha, inawaka yenyewe kwa dakika chache unabaki na oksidi laini kama pamba. Ukiangalia vizuri, njia nyingi za majani zinazomalizia na tanuru ni hii hii, jani limekaa kwenye nafasi ya yurea kama kuni, tofauti yurea unajua fomula yake na unajua umeweka kiasi gani. Ifanye kwenye bechi ndogo na ndani ya kabati la moshi, inawaka kweli.

Kwaiyo uchague nini

Kama uko shahada ya kwanza una miezi mitatu na XRD lazima utume sampuli mbali usubiri foleni, kostiki, usijitese. Kama uko masters na swali lako ni kuhusu jani lenyewe, majani, ila uwe na vibakuli vitatu kila siku ya kazi, cha jani, cha asiteti peke yake, na cha kitu kingine kinachoungua kama sukari au wanga, vyote moto mmoja muda mmoja. Hapo ukipata tofauti una la kusema. Kama unataka kuua bakteria na vitu vya jani vibaki juu, majani bila kuchoma. Kama ni maji ya fluoraidi, nimeshasema. Kama unataka kufundisha wanafunzi wa sekondari waone kitu, majani bila kufikiri mara mbili, lile jambo la manjano kugeuka nyeupe watoto hawalisahau. Na njia yoyote ile, barakoa ya maana wakati wa kusaga huo unga mkavu, sio ile ya kitambaa iliyobaki toka korona.

Dogo alisikiliza, akala ugali, akasema "sawa kaka", nikajua hajakubali. Jumamosi akanipigia yuko maabara, nikaenda. Alikuwa ameweka vibakuli vitatu kwenye tanuru, kavikwaruza chini kwa penseli moja, mbili, tatu, umeme ukakatika katikati ukarudi baada ya dakika arobaini ikabidi aanze upya na bechi nyingine. Saa kumi na moja jioni ndo akavitoa. Vyote vitatu vya manjano. Tukavisimamia pale bila kuongea, vikaanza kupauka taratibu kuanzia pembeni kuingia katikati, dakika chache tu vyote vyeupe. Nikamuuliza kipi kina mwarobaini, akaangalia, akainama akaangalia tena, akageuza kimoja kusoma penseli chini, penseli ilikuwa imefutika kwenye moto.

Kesho yake kaanza tena, safari hii kachora mpangilio wa tanuru kwenye daftari.